Kuutazama Moyo Baada ya Shambulio

Ndugu msomaji, labda wewe mwenyewe ulilala katika hospitali kwa sababu ya maumivu makali ya kifua, na siku ya kutoka mganga alikuandikia karatasi ya kwenda kupigwa picha ya moyo. Au labda mgonjwa ni baba yako, au mama mkwe wako. Umeitazama karatasi ile, ukajiuliza: "Maumivu yamekwisha. Nakula, nalala, natembea kwa miguu mpaka kanisani. Picha ya nini tena? Fedha hizi si afadhali ninunue unga na mafuta?" Swali hilo si baya. Wengi wameniuliza, na ndiyo sababu naandika maneno haya.

Moyo ni nyama, nyama yenye nguvu sana. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe, na uzito wake katika mtu mzima ni kama gramu 300. Wapiga karibu mara 100,000 kila siku, na kwa dakika moja wasukuma kadiri ya lita 5 za damu. Wala hauna Jumapili. Sasa wasikilizaji wangu hushangaa nikiwaambia neno hili: moyo umejaa damu, lakini haunywi damu iliyo ndani ya vyumba vyake. Ni kama mpishi wa karamu. Anawapakulia watu wote kutoka sufuria kubwa, na chakula chake mwenyewe kimewekwa kando katika sahani. Sahani ya moyo ni mishipa midogo inayotambaa juu yake kwa nje; iliyo mikubwa ni mitatu.

Fikiri bustani ya lengalenga kando ya mto Tshopo, na mfereji mdogo uliochimbwa kuleta maji. Mwaka kwa mwaka tope linashikamana kando za mfereji. Mwenye bustani haoni neno, maana maji yangali yakipita. Halafu siku moja ukingo unabomoka, udongo unaanguka ndani, maji yanasimama. Mboga za upande ule zinaanza kunyauka. Ndivyo ilivyo katika moyo. Mafuta hushikamana ndani ya ngozi ya mshipa kwa miaka mingi. Siku moja ngozi ile hupasuka, damu huganda juu ya kidonda, na njia huzibwa. Nyama iliyotegemea mshipa ule huanza kufa kabla saa moja haijapita, nayo huendelea kufa kwa saa kadhaa ikiwa njia haikufunguliwa. Hili ndilo shambulio la moyo, ambalo hapa mjini wengi huliita krizi ya moyo.

Sasa nitaungama jambo langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa muuguzi kijana katika zahanati ndogo msituni. Usiku mmoja waliniletea mtu juu ya baiskeli, mfanya biashara wa mafuta ya mawese, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Jasho la baridi lilimtoka. Aliweka ngumi katikati ya kifua akasema, "Mwalimu, kuna mzigo hapa." Maumivu yalipanda mpaka taya, yakashuka katika mkono wa kushoto. Nikafikiri ni tumbo, maana alikuwa amekula sana jioni ile. Nikampa dawa ya tumbo, nikaomba pamoja naye, nikamrudisha nyumbani. Kulipopambazuka mke wake alikuja peke yake. Sikuhitaji kuuliza. Katika kijiji walisema mtu yule amelogwa, na mdogo wake akashitakiwa uchawi, akafukuzwa yeye na watoto wake. Hivyo kosa langu lilizaa kosa la pili.

Sisemi haya kwa kujitetea, lakini nilikuwa nimesoma katika vitabu vya zamani ya kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu na Wahindi. Maneno yale hayakuwa uwongo katika wakati wake. Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Kampala, A. G. Shaper na K. W. Jones, waliandika ya kwamba katika Uganda Waafrika karibu hawakuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, hali Wahindi waliokaa katika nchi ile ile waliuawa nao mara nyingi. Lakini maisha yamebadilika. Siku hizi katika miji yetu kuna watu wengi wenye tansio na ugonjwa wa sukari, kuna sigara, kuna kazi ya kukaa kitini tangu asubuhi mpaka jioni. Muuguzi anayesema leo, "Huyu ni mtu wa kwetu, hawezi kuwa na krizi ya moyo," anajidanganya kama nilivyojidanganya mimi.

Mtu asiyeugua aweza kuwa na kidonda

Watu wa Yakusu, chini kidogo ya mji wetu kando ya mto, walifundishwa neno hili zamani. Mganga Clement Chesterman alipofika kule mwaka 1920, ugonjwa wa usingizi ulikuwa ukila vijiji. Mtu aliyeonekana mzima, anayecheza ngoma na kuvua samaki, aliweza kuwa na ugonjwa ndani yake. Ilibidi kuchoma sindano katika tezi ya shingo na kutazama maji yake kwa darubini, ndipo ukweli ulipojulikana. Uso haukutosha.

Na moyo ni hivyo hivyo. Baada ya shambulio maumivu hukoma, kwa maana nyama iliyokufa hailii. Katika siku na majuma yanayofuata mwili huondoa nyama ile na kuweka kovu mahali pake. Kovu ni gumu, lakini halisukumi damu. Basi mganga ataka kujua: kovu ni kubwa namna gani? Liko upande gani? Nyama iliyobaki inafanya kazi yake vema, au imechoka? Je, milango ya moyo yafunga sawasawa? Akijua haya aweza kuchagua dawa na kipimo chake. Asipoyajua, anakisia.

Kuna njia nyingi za kuutazama moyo bila kupasua kifua. Radiografi ni ya zamani kuliko zote. Profesa Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aliigundua mionzi yake mwaka 1895, na moja ya picha zake za kwanza ilikuwa mkono wa mke wake, mifupa pamoja na pete. Radiografi ya kifua yaonyesha kama moyo umevimba, yaani kama upana wake umepita nusu ya upana wa kifua, na kama maji yameingia katika mapafu. Ni picha nzuri na bei yake si kubwa sana. Lakini ni kivuli tu. Haionyeshi moyo ukitembea.

Elektro, ile karatasi yenye mistari inayopanda na kushuka, si picha. Inaandika umeme wa moyo. Ni ya lazima sana saa ya maumivu yenyewe, wala mtu asiifanye kuwa kitu kimoja na picha.

Picha ninayotaka kuieleza zaidi ni ekografi, maana ndiyo inayoandikwa mara nyingi kwa wagonjwa wetu. Wewe uliyekaa kando ya mto mkubwa wajua neno hili: mtu akipiga kelele kuelekea msitu wa ng'ambo, sauti yamrudia. Msitu ukiwa karibu sauti yarudi upesi. Ukiwa mbali yakawia. Walokele, mabingwa wa ngoma zinazosema maneno, wajua sana jinsi sauti ipitavyo juu ya maji. Basi ekografi yatumia sauti, tena sauti nyembamba mno hata sikio la mtu haliwezi kuisikia. Kifaa kidogo, ambacho hushikwa kwa mkono mmoja, hutuma sauti ndani ya kifua kati ya mbavu. Sauti yagonga ukuta wa moyo, yarudi. Yagonga mlango wa moyo, yarudi. Mashine yahesabu muda wa kila sauti inayorudi, nayo yachora picha katika kioo, nawe waona moyo wako ukifunga na kufungua saa ile ile.

Walioanza kazi hii ni watu wawili wa Lund katika nchi ya Sweden, mganga Inge Edler na mtaalamu wa fizikia Hellmuth Hertz. Hertz alikwenda kwanza katika kiwanda cha meli cha Malmö, ambako mashine ya sauti ilitumiwa kutafuta nyufa katika chuma, naye akaijaribu. Mwezi wa Oktoba 1953 wawili hao waliandika mwendo wa moyo wa mtu aliye hai. Mimi hupenda kuwasimulia haya wafanya kazi wa bandari yetu: mashine iliyotafuta ufa wa meli ndiyo iliyokuja kutafuta ufa wa moyo.

Mzee wa Lubunga

Mzee mmoja wa kanisa, akaaye Lubunga ng'ambo ya mto, alipata shambulio akiwa anapakia mihogo. Alilala hospitalini siku tisa. Alipotoka alipewa karatasi ya ekografi, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, ikakaa humo majuma mawili. Mwanawe alikuja kwangu. Nilipomwendea mzee aliniambia, "Mwalimu, Bwana ameniponya. Kwenda kutazamwa tena ni kumjaribu Mungu." Nikamwambia, "Mzee wangu, mwizi akiingia nyumbani mwako usiku, akatoka, nawe ukaokoka, hutamshukuru Mungu? Naam, utamshukuru. Lakini hutawasha taa utazame alichovunja?" Akacheka. Kesho yake asubuhi alivuka kwa mtumbwi.

Picha ilionyesha ya kwamba ncha ya chumba kikubwa cha kushoto ilikuwa imekufa. Sehemu nyingine zilifunga na kufungua, ncha ilitulia kimya. Na ndani ya ncha ile kulikuwa na donge la damu, kadiri ya punje ya haragi.

Afadhali nieleze hatari yake. Tazama mto wetu. Mahali maji yaendapo kwa kasi, pale penye maporomoko ya Wagenya, takataka hazikusanyiki. Lakini kwenye kona maji yanaposimama, ndipo majani na povu hukusanyika. Damu nayo, ikisimama katika kona isiyosukumwa, huganda. Donge lile likikatika huchukuliwa na damu mpaka kichwani, nalo huziba mshipa wa ubongo. Mtu huamka asubuhi upande mmoja wa mwili umekufa, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Mara ngapi tumeona jambo hili baada ya shambulio la moyo, na jamaa wakaanza kumtafuta mlozi katika ukoo!

Mzee wetu hakusikia maumivu yo yote. Donge halina maumivu. Kama asingetazamwa, hakuna ambaye angalijua. Mganga alimpa dawa ya kuzuia damu isigande, pamoja na dawa za moyo, na kila mara alirudi kupimwa damu yake, kwa kuwa dawa ile ikizidi huleta kutokwa na damu. Mwezi wa tatu akatazamwa tena. Donge lilikuwa limekwisha.

Tena picha ile ya pili ilituonyesha jambo jingine la kufurahisha. Ukuta wa kando ya ncha, ambao mara ya kwanza ulionekana umelegea, sasa ulikuwa ukitembea. Maana si nyama yote isiyotembea iliyokufa. Nyingine imezimia tu kwa kukosa damu, nayo huamka polepole katika siku au majuma. Kwa sababu hii waganga hawapendi kutoa hukumu kwa picha ya kwanza peke yake. Mara nyingi huagiza picha nyingine baada ya majuma 6 mpaka 12. Usidhani wanataka fedha yako mara mbili.

Namba iliyo katika karatasi

Katika karatasi ya ekografi utaona herufi FE, au FEVG, na namba kando yake. Mama mmoja aliona 60 akalia, akifikiri ni alama za mtihani na kwamba moyo wake umepita kwa shida. Nilimwambia akaushe machozi, maana 60 ni nzuri kabisa. Chumba cha kushoto kikijaa vikombe 10 vya damu, moyo mzima haumwagi vyote. Kila ukipiga wasukuma vikombe vitano na nusu, au sita, au saba, na vingine hubaki. Kwa hiyo namba ya mtu mzima ni kama 55 mpaka 70. Ikiwa chini ya 40, moyo umedhoofika, nawe utapewa dawa za kila siku za kuupunguzia mzigo. Dawa hizo huongeza maisha ya mtu, hata akijiona hana ugonjwa. Ikibaki 35 au chini baada ya majuma mengi ya dawa, kuna hatari moyo kupoteza mwendo wake kwa ghafula, na mganga atataka kukuona mara kwa mara. Mzee wa Lubunga alianza na 35. Mara ya pili ilikuwa 45. Sasa habebi mihogo tena, lakini afundisha watoto wa shule ya Jumapili kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Ekografi yaonyesha pia kama mlango wa kushoto wavuja, kwa kuwa kamba zake zimeshikwa na nyama iliyougua, na kama kuna maji katika mfuko unaozunguka moyo.

Lakini haionyeshi kila kitu. Mishipa ile mitatu ya nje, iliyozibwa, haionekani vema kwa ekografi. Mtu aweza kuwa na picha nzuri akiwa amelala kimya, na mishipa yake imejaa mafuta. Ili kuiona mishipa yenyewe, waganga huingiza mpira mwembamba sana katika mshipa wa mkono au wa paja, wakaupeleka mpaka mlangoni pa mishipa ya moyo, wakamimina dawa inayoonekana katika radiografi. Kazi hii ilianza bila kutazamiwa. Mwaka 1958, katika Cleveland huko Marekani, mganga Mason Sones alikuwa akitazama mlango wa moyo wa mgonjwa, na dawa ikaingia kwa bahati katika mshipa unaolisha moyo. Alidhani mgonjwa atakufa. Hakufa, na mshipa ulionekana wazi. Kazi hii yahitaji chumba chake na watu waliofundishwa. Katika nchi za jirani yafanywa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015, na Kampala, katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, na Nairobi. Kwa mtu wa Kisangani ni safari ndefu na fedha nyingi, nami sitakuficha hilo.

Kuna tena IRM, mashine ya sumaku kubwa isiyotumia mionzi. Mgonjwa huchomwa dawa katika mshipa, na baada ya dakika kama kumi kovu la moyo laonekana jeupe, na nyama iliyo hai yabaki nyeusi. Hakuna picha nyingine ionyeshayo kovu wazi hivi. Lakini wagonjwa wetu wengi hawataiona mashine hiyo, wala wasihuzunike. Ekografi iliyofanywa na mtu mwenye mkono mzuri yatosha kwa maswali mengi ya dawa.

Maneno ya hofu

Bibi mmoja mzee aliniuliza kwa sauti ya chini kama mashine ile itaonyesha hasira aliyo nayo juu ya wifi yake. Sikucheka mbele yake, kwa maana katika lugha yetu tumeipa nyama ile na roho ya mtu jina moja. Nilimjibu, "Mama, mashine yaona ukuta na milango. Hasira hiyo yaonwa na Mungu, nawe waweza kuizungumza naye bila kulipa." Alikwenda kutazamwa. Habari ya wifi sikuisikia tena.

Wengine waogopa kwamba picha itaiba nguvu zao. Haiibi kitu. Na wengine wafikiri kinyume, kwamba kupigwa picha ni dawa. Mtu mmoja alitazamwa, akarudi nyumbani kwa furaha, akaacha vidonge vyake vyote, akisema mashine imempiga na ugonjwa umetoka. Baada ya mwezi miguu yake ilivimba, na usiku hakuweza kulala ila ameketi. Ndugu, picha haiponyi. Ni taa. Ukiisha kuwasha taa na kuona paa lavuja, yakupasa bado kupanda juu na kuziba.

Neno jingine ni hili, na ni la haraka kuliko yote. Ikiwa kifua chauma sasa hivi, kana kwamba kimekandamizwa, kwa zaidi ya dakika chache, pamoja na jasho au kichefuchefu au kukosa pumzi, usingoje siku ya picha. Usiende kwa miguu. Panda pikipiki au toleka, mtu mwingine akushike, ufike hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane. Hapo kwanza ni elektro, na kupima damu, na dawa. Picha yafuata.

Siku ya kwenda kutazamwa kwa ekografi, kula kama kawaida na umeze dawa zako kama kawaida, isipokuwa mganga amekuambia namna nyingine. Vaa nguo inayofunguka mbele. Utalala kwa ubavu wa kushoto, watakupaka mafuta ya baridi kifuani, na kifaa kitakandamizwa kidogo kati ya mbavu. Hakuna sindano, hakuna kisu, hakuna mionzi. Yaweza kuchukua nusu saa. Mwanamke aweza kuomba kitambaa cha kujifunika, na aweza kuomba mama mwenzake akae naye chumbani. Si aibu kuomba. Ikiwa ni radiografi nawe una mimba, au wadhani unayo, mwambie muuguzi kabla hujaingia.

Chukua vidonge vyote unavyomeza ndani ya mfuko, hata vile ulivyonunua sokoni bila karatasi. Na kama ulitazamwa zamani, usiiache picha ya kwanza nyumbani. Mganga ataziweka mbili zile mezani, moja kando ya nyingine, naye atazilinganisha kabla hajakupa neno lo lote.